Usiseme Gesi Kabla Hujahesabu

Maneno niliyozungumza na kikundi cha mama lishe, Buguruni, Dar es Salaam, mchana mmoja baada ya wateja kupungua. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamjaitikia kokote, hamjambo?

Mama mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha, na asante kwa wali maharage. Sahani mmeiona ilivyorudi. Sasa hivi ninavyosimama mbele yenu, moyo wangu unakwenda kasi kidogo kuliko ulivyokuwa nilipoteremka kwenye daladala. Siumwi. Nimeshiba. Tuanzie hapo hapo.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu, na kuna sentensi moja nimeisikia wodini, kwenye foleni ya kliniki, hata msibani: "Sista, nikishakula tu, moyo unanienda mbio." Mwingine anasema unapwitapwita. Mwingine anasema unashtuka kama mtu aliyeitwa jina gizani. Baba mmoja aliniambia, "Ni kama nina kambare hai kifuani." Ukimuuliza amefanya nini juu ya jambo hilo, jibu ni moja: "Aa, si gesi tu." Hapa Dar gesi imebebeshwa mizigo kuliko mkokoteni wa Kariakoo.

Kwanza mjue kwa nini moyo unachangamka baada ya kula. Chakula kikishuka, tumbo na utumbo vinadai damu zaidi ili kazi ya kusaga na kunyonya ifanyike. Damu hiyo haitoki mbinguni, inabidi moyo uisukume. Ni kama hapa kwenu saa saba mchana: wateja wakijaa, mpishi hapati mikono mipya, anaongeza mwendo. Moyo nao unaongeza mwendo, hasa ndani ya saa ya kwanza, kisha unatulia taratibu. Sahani ikiwa ndogo, hata hutajua. Sahani ikiwa mlima wa ugali, na juu yake soda ya nusu lita yenye sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai, utausikia.

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wengi hapa mnajua bei ya gunia la mchele mpaka shilingi, lakini namba hiyo yako mwenyewe huijui. Haya, wekeni vyombo chini. Geuza kiganja kitazame juu. Chukua vidole viwili, cha shahada na cha kati, si dole gumba, maana dole gumba lina pigo lake litakuchanganya. Viweke kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, pale penye kibonde. Usikandamize kama unakanda chapati. Umelipata? Mwenye simu atuangalizie dakika nzima. Wengine watakwambia hesabu nusu dakika uzidishe mara mbili, nayo inafaa, lakini dakika nzima inakuonyesha jambo la pili: mapigo yanafuatana kwa mpangilio, au yanakuja ovyo ovyo kama mvua ya rasharasha juu ya bati?

(Tukahesabu. Kelele za bajaji nje, ndani kimya.)

Sabini na nne. Themanini na nane. Tisini na moja, wewe umetoka kubeba ndoo. Huyo mwenzetu wa nyuma? 112, na umekaa muda wote? Sawa, dada. Usiogope, ila usiondoke kabla hatujaongea.

Sasa, mtu akiniambia moyo unakwenda mbio baada ya kula, swali langu la kwanza si umekula nini. Ni baada ya muda gani. Saa inasema mengi kuliko sahani.

Ikiwa ni dakika chache tu, mara nyingi hata hajamaliza kula, nawaza samaki. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni kwenu. Mteja anakula jodari au kibua. Ghafla uso unamwiva, masikio yanawaka, kichwa kinagonga, moyo unamwenda mbio, kifuani yanatoka mabaka yanayowasha, pengine anaharisha. Watu watasema karogwa, au watasema ana aleji ya samaki, naye atakaa miaka halili samaki bure. Mara nyingi kosa lilikuwepo kabla samaki hajafika jikoni. Jodari, vibua na nguru nyama yao ina kitu ambacho, samaki akikaa kwenye joto, bakteria wanakigeuza kuwa histamini. Histamini ndiyo ile ile ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu anapopata aleji, ndiyo maana dalili zinafanana.

Na ubaya wake ni huu: moto hauiondoi. Kaanga mpaka awe mkavu kama kuni, mchemshe, mtie ndimu na pilipili, mgandishe kwenye friza. Iliyokwisha kuingia haitoki. Samaki si lazima anuke. Anaweza kukukodolea jicho zuri kabisa. Baadhi ya waliokula husema tu aliwasha ulimi, kama pilipili ambayo mpishi anaapa hakutia.

Kwa hiyo dawa yake haiko jikoni. Iko soko la samaki la Feri alfajiri, na njiani kutoka Feri. Nimewaona wenzenu wananunua samaki mzuri, anatoka kwenye barafu, anatumbukizwa kwenye ndoo kavu, ndoo inapanda daladala, foleni inakamata, jua linapanda, na mwenye ndoo anapiga soga. Samaki anatakiwa akae kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini ya hapo tangu avuliwe mpaka aingie motoni. Barafu mnayobania pesa ndiyo hiyo. Na yule wa jioni anayeuzwa bei ya kutupa kwenye sinia lililoshinda juani, mwacheni huko huko.

Aliyepatwa na hali hiyo mara nyingi hutulia ndani ya saa kadhaa, na dawa za aleji humsaidia, ila aonwe na mtu wa afya. Midomo ikivimba, koo likibana, pumzi ikianza kupiga filimbi, au akilegea kutaka kuanguka, hapo hakuna kungoja, ni hospitali sasa hivi, awe alikula samaki, karanga au yai.

Tukisogea mbele, nusu saa mpaka saa nzima baada ya kula, hapo namtazama zaidi aliyekunywa kuliko aliyekula. Kahawa. Chai ya rangi iliyokolea. Vijana wa bodaboda na makopo yao ya kuongeza nguvu, mawili kwa sahani moja ya chipsi. Kopo dogo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80, na mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi kama 400 kwa siku nzima, mjamzito 200. Kafeini haina haraka ya kutoka, saa tano baadaye nusu yake bado inazunguka mwilini. Kwa hiyo kahawa ya kijiweni saa kumi na mbili jioni bado iko nawe kitandani. Wale wa kufunga mnanielewa: mchana mzima hujaweka maji mdomoni, adhana inalia, unaanza na kahawa na sigara, halafu magimbi ya nazi, tambi na uji kwa mkupuo mmoja. Moyo nao ni kiumbe. Anza na maji na tende, swali, kisha rudi kwenye sahani.

Pombe sitaisemea sana, mnajua maoni yangu. Niseme hili tu: mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu waliokuwa wakifika hospitali baada ya wikiendi na sikukuu za kunywa sana, mapigo yamepoteza mpangilio kabisa, na hali ile ikaitwa moyo wa sikukuu. Haikuhitaji mtu awe mlevi wa kila siku.

Kuna wale ambao inawajia saa mbili, tatu, hata nne baada ya kula. Mikono inatetemeka, kijasho chembamba, njaa ya ghafla na moyo unadunda. Hapo nafikiria sukari imeshuka. Chakula cha wanga mtupu na soda kinapandisha sukari haraka, mwili unamwaga insulini nyingi, na kwa baadhi ya watu sukari inashuka kupita kiasi. Kama una kisukari na unatumia vidonge au sindano, hilo halina mjadala, pima. Kama kipimo hakipo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, kisha ule chakula, na umwambie daktari wako. Usikubali kipite kimya kimya.

Wazee wana la kwao. Damu ikikimbilia tumboni, kwa wengine, hasa wenye presha au kisukari, presha inashuka. Babu amekula vizuri, anasimama kwenda kunawa, kizunguzungu, moyo unamkimbia, chini. Mpeni sahani ndogo mara nyingi badala ya kubwa mara moja, maji kabla ya kula, na asiinuke upesi. Tena mwulizeni daktari kuhusu saa za kumeza dawa zake za presha.

Na gesi je? Sikuja kuitukana. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unahudumia moyo na unashuka mpaka tumboni. Moyo na tumbo ni majirani wanaotumia laini moja ya simu. Tumbo likijaa hewa, au tindikali ikipanda kooni, wapo wanaosikia moyo ukiruka pigo moja, kisha pigo linalofuata linatua kwa kishindo. Daktari mmoja wa Ujerumani, Ludwig Roemheld, aliandika juu ya uhusiano huo mwanzoni mwa karne ya 20. Ukila zege, yaani chipsi mayai, saa nne usiku na kujilaza saa nne na robo, usishangae. Acha saa mbili au tatu zipite kabla ya kulala. Kwa hiyo gesi ipo. Ninachokataa ni kuifanya jibu kabla ya kuuliza swali.

Nakataa kwa sababu ilinipata mimi. Nikiwa na miaka 52, kila mchana nikimaliza kula moyo unaanza vurugu. Na mimi ni muuguzi, nimevaa gauni jeupe, saa imening'inia kifuani kwa ajili hiyo hiyo ya kuhesabu mapigo, ya wengine. Nikatafuna tangawizi. Nikaenda mahali nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge vya tindikali, nikavimeza miezi minne. Gauni likaanza kunipwaya. Mashoga wakanisifu kwa kupungua. Mikono inatetemeka, nikilaumu uchovu. Siku moja chumba cha chai, mwenzangu mdogo, binti ambaye nilimfundisha mimi, akanishika mkono kunisalimia, akakaa nao. Nikadhani ana shida. Kumbe anahesabu. Akasema, "Mama, 134, na hayana mpangilio." Nikamwambia nimetoka kula. Akasema, "Na jana?"

Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Kipimo cha damu kikaonyesha tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, bila hata rovu kuonekana. Chakula hakikuwa chanzo. Mchana baada ya kula ndiyo ilikuwa saa pekee niliyokaa kimya nikausikia. Na hali ile ya moyo kutetemeka si ya kuchezea: damu inatuama, inaganda, bonge likiruka likaenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Mwenye tatizo hilo hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nalo. Mimi nilikuwa natibu na tangawizi.

Zipo sababu nyingine za namna hiyo ambazo chakula kinazifichua tu. Upungufu wa damu, na nyie wenye hedhi nzito mnajijua. Vali za moyo zilizoharibika kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, iliyoanza kama koo kuuma tu. Dawa za mafua za dukani, pampu ya pumu ikitumika kupita kiasi. Mimba nayo hufanya moyo uende kasi, ni kawaida. Ila mjamzito au mzazi mpya asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, na miguu imevimba, huyo si kawaida.

Lipo moja linaloniuma zaidi, la mjomba wangu. Alikuwa akila, akitembea hatua chache kurudi dukani kwake, kifua kinabana, akisimama kinaachia. Alikula vidonge vya vidonda vya tumbo mpaka familia nzima tukavijua rangi. Hakuwa na vidonda. Mishipa inayolisha moyo wenyewe ilikuwa imeziba kiasi kwamba kazi ya kusaga chakula na kutembea kwa pamoja iliushinda. Tulijua baadaye.

Basi ni lini hukai tena? Moyo ukienda mbio na kifua kikabana, au maumivu yakaelekea mkononi, shingoni, kwenye taya. Ukikosa pumzi. Ukizirai, au ukakaribia. Mapigo yakizidi 120 umekaa umetulia na hayashuki, au yakiwa chini ya 45 huku unajisikia vibaya. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigoma. Kama kwenu yupo aliyekufa ghafla kijana, au wewe mwenyewe una ugonjwa wa moyo unaojulikana, kizingiti chako ni cha chini zaidi. Mtu wa namna hiyo anakwenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo, kwa gari au bajaji, akiwa na mtu pembeni. Bodaboda hapana. Akizimia mkiwa Barabara ya Mandela mnazika wawili.

Kama hakuna hata moja katika hayo, lakini linajirudia, linadumu zaidi ya dakika chache, linazidi, au unakonda bila kujua kwa nini, basi wiki hii nenda. Si lazima uanzie kwa mabingwa. Zahanati au kituo cha afya watapima presha, sukari, wingi wa damu, na wakiona haja watakuandikia rufaa. Amana ipo jirani yenu hapa, Temeke na Mwananyamala kwa wa kule. Kesi ngumu zinafika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambayo tangu 2015 imesimama yenyewe.

Nawaonya jambo moja. Moyo ni kama mwizi wa kuku, polisi wakija ametulia. Utafika, watakubandika nyaya, kipimo kitoke kizuri, nawe urudi umefurahi au umekasirika. Kipimo kile kinapiga picha ya sekunde chache tu. Kwa hiyo nenda na ushahidi. Wewe una daftari la madeni. Geuza ukurasa wa nyuma, andika: siku, saa uliyokula, ulichokula na kunywa, saa moyo ulipoanza, mapigo mangapi, yana mpangilio au hayana, yalikoma ghafla au taratibu, na dawa zote unazomeza, za mitishamba pia, usizifiche. Siku tano za namna hiyo zinamsaidia daktari kuliko maneno "nasikia vibaya". Yeye ndiye ataamua kama unahitaji kile kifaa cha kuvaa saa 24 kinachorekodi kila pigo, au ultrasaundi ya moyo.

Na hali ikikukuta hapa kazini: kaa chini. Legeza kanga kiunoni. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Weka vidole pale pale tulipojifunza, hesabu, andika. Mwenzako akikwambia "teremshia soda ya tangawizi", mwambie subiri namalizia kuhesabu.

Kuna aliyeuliza kama kukohoa kunasaidia. Wengine mapigo huwatulia wakikohoa au wakijikamua, kwa aina fulani tu ya mbio za moyo. Daktari akishakwambia yako ni aina gani, mwulize akufundishe. Usijifunze kwa jirani.

Masufuria yanawangoja, nami nina foleni ya kurudi Mbagala. Mama mwenyekiti, naomba benchi moja pale kivulini na kikombe cha maji. Dada wa 112, njoo na daftari lako. Tutakaa dakika kumi bila kuongea, halafu nikuhesabie upya.